Spana Iliyopinda Kushoto

Chumba cha tatu cha nyumba tuliyokaa hakikuwa cha mtu, kilikuwa cha spana. Mimi nililala sebuleni mpaka nikafika umri wa kuona haya, huku vyuma vikijilalia chumba kizima. Vilining'inia ukutani kwenye misumari, na kila kimoja kilichorewa mstari mweupe kuzunguka umbo lake, ili kikiondoka pengo lionekane. Nilikuwa nikimwambia Baba Mkubwa kwamba nikizaliwa tena nitaomba nizaliwe koleo, angalau nipate chumba. Alicheka mpaka machozi, lakini chumba hakutoa.

Baba Mkubwa alikuwa kaka wa baba yangu, na kwao walizaliwa wawili tu. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitano. Alifariki mwaka jana, na vyuma vyake sasa ni mzigo wangu. Navipaka mafuta kila mwezi, kimoja kimoja, kama alivyonifundisha, na kusema kweli bado sijamsamehe sawasawa. Naandika haya nikiwa na mafuta kwenye kucha.

Alikuwa fundi wa magari kwa miaka arobaini, na mtaani walimwita Mzee Inchi, kwa kuwa spana za milimita hakuziruhusu kuvuka kizingiti. Alisema hizo ni za watu wenye haraka. Ukimletea kifaa cha zamani alikipokea kwa mikono miwili, akakiosha kwa mafuta ya taa na mswaki uliochakaa, kisha akasugua chaki juu yake na kukifuta kwa kitambaa. Chaki ilibaki ndani ya maandishi tu, na herufi zilizokuwa hazisomeki zikajitokeza nyeupe: ukubwa, nambari, pengine jina la kiwanda kilichofungwa kabla mimi sijazaliwa. Ole wako utaje msasa. Kwa ajili ya msasa alikuwa tayari kugombana na mtu wa heshima zake.

Hayo ya maandishi yalikuwa mepesi. Kazi yake hasa ilikuwa kumtambua mwenye kifaa. Mafundi wa zamani walitia alama zao kwenye chuma, wengine kwa kupigilia nukta, wengine kwa kukata kwa tupa, kwa sababu gereji moja ina mafundi kumi na spana zote ni ndugu. Nukta tatu za mshazari ni za fulani, mkato mmoja shingoni ni wa fulani. Alizijua alama za mji mzima. Pasipo na alama alisoma uchakavu. "Huyu alikuwa anapigilia nyundo kwenye mkia, mtu asiye na subira," angesema. "Huyu alikuwa anachomeka bomba ili apate nguvu, ona makovu. Huyu alikuwa mzee, hakukaza mpaka mwisho."

Alikuwa na daftari nene, na kila kifaa kilipewa ukurasa wake. Alikilaza juu ya karatasi, akakizungushia penseli, halafu chini ya mchoro akaandika aina, ukubwa, alama, mahali kilipopatikana, na mstari wa mwisho: Mwenyewe. Ile spana ya mdomo wa kurekebisha, ambayo mafundi wanaiita spana malaya kwa kuwa haichagui nati, yeye aliiandika "ile ya kubana na kulegeza," ati daftari linasomwa na mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, na jina hilo nililijua tangu darasa la pili.

Katikati ya chumba, juu ya meza, kulikuwa na sanduku la mbao. Lilikuwa la gereji waliyofanyia kazi yeye na baba, na tajiri wa gereji alipoifunga alimwachia kama zawadi ya kuagana. Ndani yake mlikuwa na ubao uliochongwa nafasi ishirini na nne, tulizoziita vitanda, kila spana na kitanda chake. Ishirini na tatu vilikuwa na watu. Kimoja kilikuwa kitupu, nacho hakikunyooka kama vingine, kilipinda kushoto. Nilipokuwa mdogo niliingiza kidole humo nikakitembeza kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijua kwamba kitanda kile alikichonga baba yangu kwa mkono wake. Nilijua pia kwamba spana yake aliiiba baba yangu, maana ndivyo nilivyoambiwa.

Hadithi niliyolelewa nayo ni hii. Malori ya wakati ule yalikuwa na boliti moja, juu ya giaboksi, ambayo hakuna spana iliyoifikia. Mafundi walifungua nusu ya gari kwa ajili yake, huku wakimlaani aliyeibuni. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Akachukua spana ringi ya nusu inchi, ile inayoikumbatia nati pande zote, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaipinda ifuate mkono wake, kisha akaichongea kitanda kipya sandukuni. Gereji nzima ikashangilia. Halafu, jioni waliyomaliza lori la kinu cha unga, vifaa vikarudishwa na kitanda kile kikabaki kitupu. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa Baba Mkubwa, na wiki ile alikuwa anatazamia kufanywa msimamizi. Baba akamwambia, "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa nayo mwisho." Baba Mkubwa akamjibu mbele ya mafundi wote kwamba yeye hapotezi vitu, kwamba spana isipoonekana imeibwa, na mwizi ni huyo huyo anayejifanya kuuliza.

Hakuna aliyemfukuza baba. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sanduku na kuondoka. Kila gereji aliyoomba kazi walituma mtu kumuuliza kaka yake, na kaka yake hakusema zuri wala baya, akanyamaza tu. Kwa hiyo akawa anatengeneza malori kando ya barabara kwa vifaa vya kuazima. Baada ya miaka miwili lori likateleza kwenye mawe aliyoliegemezea, maana jeki hakuwa nayo, likamlalia. Mama akaolewa tena mbali, kwa mtu asiyetaka mtoto wa mwenziwe. Nikaletwa kwa Baba Mkubwa na mfuko mmoja wa nguo.

Sitaki kumsema vibaya aliyenilisha. Hakunipiga, hakuninyima, na shule nilimaliza. Lakini kijiko kikipotea jikoni, mezani palikuwa kimya, na Mama Mkubwa, Mungu amrehemu, aliikodolea macho sahani yake ili asinitazame. Nikajizoeza kuhesabu vijiko kila nilipomaliza kuosha vyombo, hata kwa jirani. Leo mimi ni fundi wa mapazia, nina duka langu, wateja wananiachia funguo za nyumba zao. Na bado nikiingia kwa watu mikono naifunga mgongoni. Nikitoka kwa mteja namfungulia mkoba wangu atazame ndani. Wengine hucheka wakidhani nawatania.

Watu walidhani Mzee Inchi anapenda vyuma vya kale. Alivipenda kweli, lakini baadaye. Alianza kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu mwaka ule ule baba alipoondoka, akitafuta spana moja iliyopinda kushoto, ili aikute mikononi mwa mtu, na mtu huyo aseme ni nani aliyemuuzia. Alitaka ushahidi. Vile vifaa vingine zaidi ya mia sita ni vile alivyokutana navyo njiani. Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari ulikuwa na mchoro wa spana ile, alioupata kwa kupitisha penseli ndani ya kitanda kitupu. Mahali ilipopatikana palikuwa wazi, na mstari wa Mwenyewe ulikuwa wazi, kwa miaka thelathini na minne.

Nami kila alipotoka kwenda kwenye vyuma chakavu niliomba asiipate. Ikipatikana dukani kwa mtu, basi baba yangu ni mwizi na mjadala umekwisha. Isipopatikana, bado ninayo nafasi ya kubisha.

Mwaka juzi, asubuhi moja, Mama Mizani alifika nyumbani. Huyu ni mwanamke anayenunua na kuuza vyuma chakavu, na jina hilo tulimpa kwa ile mizani yake ya kuning'iniza ambayo hata sokoni haachani nayo. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi mchana nilimkuta Baba Mkubwa amekaa kitandani na viatu miguuni, hajala. Akasema ana mafua. Mafua hayo yalichukua siku kumi na moja. Chaki haikuguswa, harufu ya mafuta ya taa ikaisha nyumbani, na mlango wa chumba cha spana akaufunga kwa ufunguo, jambo ambalo hakulifanya tangu nipate akili. Nikadhani ana ugonjwa mkubwa ananificha. Nilimpikia uji mara tatu kwa siku na kumfokea anywe.

Siku ya kumi na mbili Mama Mizani akaja dukani kwangu kuulizia pazia la mlango. Tukiwa tunapima kitambaa akaniuliza, "Mzee aliifurahia zawadi yangu?"

"Zawadi gani?"

"He! Hajakuonyesha? Spana, dada yangu. Imepinda hivi, utadhani imekataa kazi. Si tulikuwa tunalikata lile lori la kinu, lile lililokaa juu ya matofali miaka na miaka? Tumefika kwenye chasisi, pale juu ya giaboksi, tunaikuta imedumbukia ndani ya chuma, imezibwa na tope na grisi. Haina hata kutu! Nikasema hii ni ya Mzee Inchi tu, nani mwingine atakipenda kitu kilichopinda? Nikamweleza na ilikotoka, maana najua lazima aandike. Akakaa chini pale pale mlangoni. Furaha hiyo, dada, nikamwacha nayo."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na kitambaa chake kilikuwa mezani. Nilikikata kifupi mno, ikabidi baadaye nimshonee kingine bure. Lori la kinu. Kila mara hadithi ile iliposimuliwa nyumbani ilianzia hapo, jioni walipomaliza lori la kinu cha unga.

Nikafunga duka mchana kweupe, wateja wakanishangaa. Nilimkuta Baba Mkubwa kitandani, na spana ilikuwa juu ya mto, pale pa kuweka kichwa. Hakujaribu kuificha.

"Mama Mizani ameniambia," nikasema.

"Nilijua atakuambia. Mdomo ule haujui kupumzika."

"Siku kumi na moja, Baba Mkubwa."

"Nilikuwa natafuta maneno, mwanangu."

"Na miaka thelathini na minne ulikuwa unatafuta nini?"

Hasira iliyonipanda siku ile sijaiona tena, na natumaini sitaiona. "Wewe unaona mkwaruzo unasema fundi alikuwa na haraka," nikamwambia. "Unashika spana ya mtu aliyekufa unajua alikuwa mvivu. Hii ilikuwa na kazi moja tu duniani! Boliti moja! Ungejiuliza mara moja tu siku ile ilifanya kazi wapi, ungerudi chini ya lori ukaichukua. Na nani angenunua spana iliyopinda? Hilo nalo hukujiuliza?"

"Sikutaka kujiuliza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliichukua mimi. Yeye wa kushoto, mimi wa kulia, ilinisumbua mkononi. Nikaiweka juu ya chasisi ili nishike boliti kwa vidole. Hapo tajiri akaniita, habari za usimamizi. Nikatoka chini ya gari na furaha zangu. Wakati wa kufunga sanduku nilijua sikuirudisha, nikajiambia nimeirudisha. Mwanangu, mtu anaweza kujiambia kitu mpaka akakiona kwa macho."

"Baba alikwambia."

"Aliniambia. Na kila nikikumbuka alivyoniambia, hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikumbusha tu."

Akalia. Nami nililia, lakini si pamoja naye. Nilikwenda jikoni nikalia mbele ya vijiko.

Kesho yake asubuhi alitoka chumbani amevaa shati lake la kutokea, amenyoa ndevu. "Nilimwita mwizi mbele ya watu tisa," akasema. "Nataka niwafuate niwaambie." Tukakaa mezani tukawataja mmoja mmoja. Saba wamekufa. Wa nane alihama, na hakuna anayejua alikohamia. Gereji yenyewe sasa ni duka la magodoro. Aliyebaki ni Fundi Rangi, aliyekuwa akipuliza rangi magari, mzee wa miaka themanini na ushei ambaye masikio yake yalishafunga kazi.

Tulimkuta uani kwa binti yake, kwenye kiti cha plastiki, katikati ya wapangaji wanaofua. Salamu zilichukua muda, kwa kuwa kila moja ilirudiwa mara tatu. Kisha Baba Mkubwa akasimama mbele yake, mikono imenyooka kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nimekuja kwa habari ya mdogo wangu," akasema.

"Eh?"

"Mdogo wangu! Hakuiba!"

"Ongeza sauti, ndugu yangu."

"Mdogo wangu hakuiba spana! Nilimsingizia! Niliipoteza mimi mwenyewe!"

Waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mtu akafungua dirisha la juu. Baba Mkubwa, ambaye maisha yake yote hakupenda mtu ampandishie sauti wala yeye kumpandishia mtu, alikuwa amesimama uani kwa watu akipiga kelele kwamba ni mwongo. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani pia apige kelele zaidi, zifike mpaka barabarani, na tamaa hii ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Fundi Rangi alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Mwizi? Nani alikuwa mwizi pale? Spana zilipotea kila wiki. Mimi mabomba ya rangi nilipoteza mawili. Tulikuwa tunatukanana leo, kesho tunakula sahani moja." Akafikiri kidogo. "Hapana, wizi siukumbuki. Kwani wewe ulikuwa na mdogo?"

Baba Mkubwa akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, nikampa bega langu. Nilikuwa nimezama katika hesabu zangu mwenyewe. Maisha yangu yote niliamini mji mzima unamjua baba kwa wizi. Kumbe mji ulisahau kesho yake asubuhi. Waliolikumbuka jambo lile miaka yote ni watu wa nyumba moja, waliokula meza moja na mimi.

Ndipo Baba Mkubwa akaitoa spana mfukoni na kumkabidhi mzee. Macho ya Fundi Rangi nayo hayakuwa mazuri, kwa hiyo aliipapasa. Vidole vikafika kwenye pindo, vikasimama. Akaihamishia mkono wa kushoto, ikakaa sawa, na uso wake wote ukafunguka.

"Yule wa kushoto!" akasema. "Mwembamba, haachi kuimba akifanya kazi! Ah, yule alikuwa fundi. Nilisimama pale pale nikamwona akiipinda hii. Mara moja tu, hakurudia. Tukasema, huyu atafungua gereji yake na sisi tutakwenda kumwomba kazi." Akaigeuzageuza. "Alituacha ghafla. Mimi nilijua amepata mahali pazuri zaidi. Aliishia wapi yule bwana?"

Baba Mkubwa akanitazama.

Nilijibu mimi. Niliinama mpaka sikioni mwa mzee nikamwambia kwamba alikufa chini ya lori, kando ya barabara, kwa kukosa jeki, na kwamba mimi ni binti yake. Ilinibidi niseme mara mbili, na mara ya pili uani kote kukasikika. Kidole cha Fundi Rangi kikapita juu ya pindo la chuma, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akainyoosha spana, si kwa Baba Mkubwa, kwangu.

"Basi hii ni yako, mwanangu. Shika."

Mikono yangu ilikuwa mgongoni, nimeifunga kama kawaida yangu nikiwa kwa watu. Mzee akanisubiri. Baba Mkubwa naye akanisubiri, na wale waliokuwa wakifua. Nikaitoa mikono, wa kushoto kwanza, nikaipokea spana.